Alikula Nini Njiani?

Vitabu vingi vya mashujaa tunavyowapa watoto wa Nairobi vina ugonjwa mmoja: vinasifu sana, vinaeleza kidogo. Shujaa alikuwa jasiri. Aliwapenda watu wake. Aliwapinga wakoloni. Mwisho wa ukurasa kuna mchoro wake amekunja ngumi, na chini yake maswali matatu ya zoezi. Mtoto anafunga kitabu akijua kwamba zamani kulikuwa na mtu mkubwa sana mahali fulani, lakini hajui mtu huyo alilala wapi, alikosana na nani, wala alifanyaje hicho kitu anachosifiwa nacho.

Nasema hivi kama mtu anayesoma kwa sauti, kazi ambayo ni tofauti kidogo na kusoma kimya. Ukiwa peke yako unaweza kuruka aya mbovu. Ukiwa mbele ya watoto thelathini kwenye chumba cha mabati, aya mbovu inakuumbua papo hapo: mmoja anaanza kuchomoa uzi kwa sweta, wawili wanafinyana, na wewe unajikuta unausomea ukuta. Jumamosi asubuhi huwa niko Laini Saba, Kibera. Mchana niko Kawangware, nyuma ya soko. Si mradi, na hakuna fulana zenye nembo. Kuna mimi, rafiki yangu mmoja anayechora, begi la vitabu vya mitumba, na simu wakati bando ipo.

Chukua Mekatilili wa Menza, ambaye siku hizi ndiye shujaa wa kike anayependwa zaidi na wachapishaji wetu. Mwaka 1913 aliwahamasisha Wagiriama wakatae kodi ya nyumba na kazi za kulazimishwa. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakimfuata kijiji hadi kijiji, na viapo vikaliwa. Waingereza walimkamata Oktoba mwaka huo pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka kifungoni Kisii, upande wa pili kabisa wa nchi. Januari 1914 wakatoroka wakarudi Pwani, na simulizi zinasema walitembea kwa miguu. Kwenye kitabu nilichokuwa nacho safari hiyo yote ilipewa sentensi moja. Nilipoimaliza, msichana wa kama miaka tisa aliyekuwa amembeba mdogo wake mgongoni akainua mkono. "Sasa ticha, huyo mathe alikuwa anakula nini kwa njia?"

Sijasoma uhakiki mkali kuliko huo mwaka huu. Maswali mengine yakafuata kama maji ya mfereji uliopasuka. Alikuwa na viatu? Usiku walijificha wapi? Aliongea lugha gani na watu wa huko, na alijuaje njia? Hawa ni watoto ambao mama zao hutoka alfajiri kwa miguu kwenda kutafuta nguo za kufua Lavington na Kilimani. Kwao safari si neno la ushujaa, ni hesabu: nauli, maji, mahali pa kupumzika, mtu wa kukukopesha. Na hesabu hiyo ukiifanya vizuri inakupeleka kwenye historia yenyewe. Hakuna mtu anayevuka nchi nzima kwa miguu, tena mfungwa aliyetoroka, bila kupewa uji na mtu asiyemjua. Kati ya Kisii na Giriama kuna Wakipsigis, Wamaasai, Wakikuyu, Wakamba, Wataita. Mtu mahali fulani aliwaona hao wawili wamechoka, akafungua mlango. Kitabu kingekuwa na ujasiri wa kusimama hapo hata kurasa mbili tu, kikabuni kwa uangalifu pale ambapo kumbukumbu zimenyamaza, kingempa mtoto kitu kikubwa kuliko ngumi iliyokunjwa.

Ajabu ni kwamba Mekatilili mwenyewe alijua kuhadithia kuliko sisi tunaomhadithia. Simulizi ya Wagiriama inasema alimjia afisa wa Kiingereza, Arthur Champion, akiwa na kuku na vifaranga vyake, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Afisa akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Hivyo ndivyo itakavyokuwa ukichukua vijana wetu. Inasemekana afisa alijibu kwa kumpiga kuku risasi. Hakuna hotuba ndefu hapo, kuna kuku tu. Kawangware tuliigiza, kila mtu akataka kuwa kuku, hakuna aliyetaka kuwa Champion, na mvulana mmoja akauliza kama baadaye kuku aliliwa. Swali la chakula tena!

Na wala hili si jambo geni katika fasihi yetu. Wahadithi wa zamani walijua kwamba hadithi nzuri hupitia tumboni. Fumo Liyongo, bingwa wa Pwani ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utendi mwaka 1913, alipofungwa Pate hakuokolewa na misuli. Aliokolewa na mkate. Mama yake alioka mikate mizuri ya unga safi, na mmoja mbaya wa wishwa, na ndani ya huo mbaya akaficha tupa. Walinzi walifanya vile ambavyo walinzi hufanya: wakala mizuri, wakamwachia mfungwa wishwa. Kisha ngoma ikapigwa usiku, kelele zake zikafunika sauti ya chuma kikikatwa. Angalia kazi iliyofanyika hapo. Kuna mama anayezijua tabia za askari. Kuna mjakazi, Saada, anayebeba mzigo hadi gerezani. Kuna wapiga ngoma. Kuna unga wa aina mbili. Mtoto wa Kibera ambaye amewahi kuona kanjo akila maembe ya mama mboga aliyemkamata anaielewa hii hadithi bila maelezo hata kidogo. Toleo la picha lililomo kwenye begi langu limeuacha mkate nje. Liyongo anavunja tu minyororo kwa nguvu zake, kwisha.

Ngũgĩ wa Thiong'o hakuuacha. Vitabu vyake vya watoto, vilivyoanza kutoka kwa Kikuyu mwaka 1982, huwa havitajwi sana watu wanapopanga foleni kuzisifu riwaya zake, na mimi nadhani ni baadhi ya kazi zake zenye akili zaidi. Njamba Nene ni mtoi maskini wa miaka ya Hali ya Hatari, nguo zake zimechakaa, shuleni anachekwa. Basi la shule linaota mabawa, linapaa, watoto wanapotelea msituni, na hapo ndipo inagundulika nani anajua kitu na nani alikuwa anakariri tu. Kwenye kitabu cha pili anatumwa kupeleka mkate, na ndani ya mkate kuna bastola ya wapiganaji wa Mau Mau. Mkate tena. Sijui kama Ngũgĩ alikuwa akimkumbuka Liyongo, lakini watoto wangu walikumbuka. Walipiga kelele kabla sijafungua ukurasa unaofuata. Kasoro yake ni kwamba walimu waovu ni waovu kupita kiasi, na Njamba Nene hakosei karibu chochote, jambo linalomfanya awe mtoto wa kuchosha kidogo. Lakini anafanya vitu. Anajua njia, na anaijua kwa sababu alifundishwa na mtu, mama yake.

Ukitoka hapo ukaingia mtandaoni, unakutana na mwelekeo mwingine. Makumbusho ya Taifa, Shujaa Stories na Google Arts & Culture waliweka michoro ya mashujaa wa jamii za Kenya, na michoro ya Masidza Sande Galavu ni mizuri, sitaki kudanganya. Rangi zake zinafanya watoto wanyang'anyane simu. Ila mpangilio wenyewe unanisumbua. Kila jamii na shujaa wake, kila shujaa na aya zake, kama mgao wa pesa za kaunti. Mtoto anatafuta wa kwao, akimpata anafurahi, halafu anarudisha simu. Kwa mtoto anayeishi mahali ambapo wote ni wa kabila moja, pengine inatosha. Kwenye chumba cha Laini Saba, ambapo ploti moja ina Mluo, Mluhya, Mkisii, Mkamba na Mnubi wanaogawana choo kimoja, mgao huo ni hatari zaidi kuliko unavyoonekana.

Niliiona hatari hiyo kwa Lwanda Magere. Hadithi mnaijua: jemadari wa Waluo ambaye mkuki haukumpenya, mwili wake jiwe. Adui zake, Walang'o, ambao wasimulizi wengi husema ni Wanandi, wakampa binti yao mrembo awe mke wake. Siku aliyougua, akamwambia mkewe achanje kivuli chake badala ya mwili. Kivuli kikatoka damu. Usiku binti akakimbia kwao na hiyo habari, na vitani Magere akachomwa mkuki kwenye kivuli, akaanguka, akawa jiwe. Ni moja ya hadithi bora duniani, na simwachii Achilles hapa: kisigino ni wazo zuri, lakini kivuli ni wazo la kutisha, maana kisigino unaweza kukivalisha kiatu.

Sasa, kitabu kinamwita binti yule msaliti. Neno hilo lilipotoka mdomoni mwangu nilimwona mvulana mmoja, ambaye babake ni soja wa geti kutoka Nandi Hills, akiangalia chini. Wengine wakaanza kumtazama. Nyinyi mliokuwa Nairobi mnajua kwa nini hilo si jambo dogo. Hiki chumba kiko hatua chache kutoka reli ambayo ilin'golewa wakati wa ghasia za uchaguzi wa 2007. Kawangware, Oktoba 2017, majirani walichomeana maduka. Watoto hawa hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wachanga, lakini hadithi za miaka hiyo wanazo zote, walizisikia wakiwa wamejifanya wamelala. Wanajua nani alimwambia nani ahame.

Kilichotuokoa ni msichana wa nyuma. "Si huyo alikuwa spai? Kwao yeye ndiye shujaa." Kukawa na zogo la dakika ishirini. Alimpenda Magere ama hakumpenda? Kama babako amekutuma, unaweza kukataa? Angerudi kwa nani, kama ndugu zake wangekuwa wamekufa wote? Mwisho mvulana wa Nandi Hills akasema, polepole, kwamba yeye angemwambia Magere ukweli, kisha wote wawili wahamie mbali, labda Mombasa. Kitabu hakikuwa na nafasi ya mawazo hayo, kwa sababu kiliandikwa kana kwamba wasomaji wote wamekaa upande mmoja wa mto. Huo ndio upungufu mkubwa wa vitabu vyetu vya historia kwa watoto, na sidhani unatokana na ubaya wa moyo. Mwandishi anamwazia mtoto wa kijijini kwao. Hamwazii mtoto wa ploti.

Kama ningekuwa na pesa za kuchapisha kitabu kimoja tu, kingekuwa cha reli. Inapita katikati ya Kibera, watoto wanatembea juu yake wakienda shule, wachuuzi wanatandaza viatu kando yake na kuviondoa treni ikipiga honi. Na kila kitu kimo humo. Syokimau, nabii wa Wakamba, anayesimuliwa kuwa alimwona nyoka mrefu akitoka bahari moja kwenda nyingine, kabla chuma cha kwanza hakijalazwa Mombasa mwaka 1896. Simba wawili wa Tsavo, 1898, wasio na manyoya shingoni, ambao vibarua waliwaona kuwa mashetani wenye miili ya simba. Patterson, mhandisi aliyewaua, baadaye alidai walikula watu 135. Wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya yao walikadiria mwaka 2009 kwamba ni kama 35. Ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwake hadi alipoziuza mwaka 1924, na leo simba hao wamesimama ndani ya jumba la makumbusho la Field, Chicago. (Watoto walinyamaza, halafu mmoja akasema kwamba simba wamepata visa na anko wake amenyimwa mara mbili.)

Kisha Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, ambao waling'oa waya za telegrafu na chuma za reli wakafua bangili na silaha. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na Meinertzhagen, afisa wa King's African Rifles, akapigwa risasi hapo hapo. Sasa shika uzi huo uuvute. Kibera yenyewe ni neno la Kinubi, kibra, msitu, na waliokalishwa humo mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa askari wenye asili ya Sudan wa jeshi hilo hilo la KAR na familia zao. Walipewa msitu kama ahsante, bila karatasi. Ardhi iliyopimwa wakati huo ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Hati waliyopewa Wanubi mwaka 2017, baada ya takriban karne moja ya kusubiri, ni ya ekari 288. Mtoto wa Makina na mtoto wa Nandi Hills wamekaa benchi moja, na babu zao walikuwa pande mbili za bunduki moja, na wote wawili mwishowe walidanganywa na mwenye bunduki. Hicho si kitabu kigumu mno kwa mtoto wa miaka kumi. Anayekiona kigumu ni mwalimu anayeogopa maswali, na mchapishaji anayeogopa wizara.

Nije kwa wavumbuzi, ambapo nina ugomvi na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunamwita mvumbuzi mtu aliyetengeneza kitu kipya na pia mtu aliyekiona kitu cha zamani. Ndiyo maana vizazi vya Wakenya vilikariri kwamba Krapf alivumbua Mlima Kenya mwaka 1849, ilhali alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba, na watu wa pale waliuona huo mlima kila asubuhi mawingu yakikubali. Mimi napendelea kubuni. Ni neno lile lile tunalotumia kwa hadithi, na watoto hulipenda wakiambiwa hivyo: anayebuni jiko na anayebuni zimwi wanafanya kazi moja.

Super Sema ilipoingia YouTube mwaka 2021, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu, nilishangilia kama kila mtu. Msichana Mwafrika, anayebuni vitu, anayepambana na Tobor, roboti asiye na moyo, na studio yenyewe, Kukua, iko hapa hapa Nairobi. Inachangamka, inachekesha, na wasichana wa Kawangware huiga miondoko ya Sema kwa wiki nzima. Ila kijiji cha Dunia hakiko popote, na ndani yake nyenzo haziishi. Wazo linakuja, kifaa kinakuwa. Watoto wanaokusanya chupa na vyuma ili wamuuzie mtu wa mizani wanajua kwamba kila skrubu ina mwenyewe, na ukiichukua utaulizwa. Sema hajawahi kuulizwa.

Huwa nawapa dawa ya hilo kwa kuweka jiko mezani. Lile la kawaida, la makaa, lenye kiuno, bati nje na udongo ndani. Wote wanalo nyumbani, au jirani analo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba lina mwandishi. Tunalichunguza kama maandishi. Kwa nini kiuno? Kwa nini udongo? Halafu nawaambia kwamba hilo jiko si la kale. Lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kuni na makaa vilikuwa vinazidi kupanda bei. Wazo la udongo lilitokana na majiko ya Thailand. Jina linalotajwa sana ni la Max Kinyanjui. Na umbo lake likaendelea kubadilika mikononi mwa mafundi wa jua kali na akina mama waliolipikia na kulilalamikia. Hadithi hiyo haina mtu mmoja aliyeamka na wazo. Ina safari, ina malalamiko, ina nyundo. Fundi wa Kawangware aliyesimama mlangoni kusikiliza aliniambia, "Na ukisahau kuacha nafasi hapo kati ya bati na udongo, manze linakupasukia." Akaingia, akachukua jiko mkononi mwangu, akamaliza somo.

Kisha nawaambia habari za Charlot Magayi, aliyekulia Mukuru, aliyeuza makaa, ambaye binti yake aliungua vibaya kwa jiko mwaka 2012. Alianzisha kampuni ya majiko yanayotumia makaa kidogo na kutoa moshi kidogo, na mwaka 2022 ikashinda Tuzo ya Earthshot. Magazeti yaliandika sana juu ya zawadi. Watoto waliuliza juu ya binti: alipona? Ukibuni kitu kwa sababu mtoto wako ameungua, huwezi kusimuliwa kama Sema. Hasira na hatia na jina la hospitali vimo ndani ya hicho kifaa. Sijaona kitabu cha watoto kilichothubutu kuanza kutoka hapo.

Yamebaki mazimwi. Siku hizi zimwi la vitabuni limefugwa. Lina meno mawili ya kuchekesha, lina upweke, linatafuta marafiki, na ukurasa wa mwisho wote wanakula keki. Naelewa nia, hatutaki watoto walale na hofu. Lakini hofu wameshaipata kwingine. Walichokosa ni umbo la kuitia. Wahenga wa Kinandi walikuwa na Chemosit, nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, mdomo mwekundu unaowaka gizani kama taa. Waluo walikuwa na Apul-Apul, Waluhya na amanani. Hakuna aliyekula keki.

Ninayempenda mimi ni Nunda, mla watu, katika ngano ya Zanzibar aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870. Sultani Majinuni ana paka. Paka anakula ndama. Watu wanakuja kushtaki. Sultani anawajibu kwamba paka ni mali yake na ndama ni mali yake, basi kesi iko wapi. Paka anakula wanyama wakubwa zaidi, jibu ni lile lile. Anaanza kula watu. Sultani hasikii, hadi siku paka anapokula wanawe mwenyewe, na hapo ndipo anatamka kwamba huyu si paka tena. Mwanawe mdogo anaenda porini kumsaka, na kila anachokiua anakileta nyumbani kwa furaha, na kila mara mama anamwambia, mwanangu, siye huyu. Mara ya kwanza ameleta mbwa. Anarudi tena porini, na tena, wanyama wakizidi ukubwa, hadi ampate mwenyewe amelala mlimani.

Ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya muundo wa ngano hiyo, jinsi inavyompandisha mtoto ngazi moja moja na kumkatalia ushindi wa bei rahisi. Watoto hawakujali muundo. Walishikilia sehemu ya kwanza. Walitaka nirudie yale majibu ya Sultani, moja moja, na kila mara walipiga kelele za hasira ambazo sikuwahi kuzisikia kwa Mekatilili wala kwa Koitalel. Wazazi wa baadhi yao walivunjiwa nyumba Julai 2018, wakati tingatinga zilipopita Kibera kufungua barabara, zikasomba makao ya maelfu ya watu na shule pia. Wadogo wa siku hizo sasa ni hawa wanaobeba wadogo wao.

Rafiki yangu alibandika karatasi kubwa ukutani akawaomba wamwelekeze namna ya kumchora Nunda. Alianza na masikio na mkia. Wakamwambia afute mkia. Mmoja akataka magurudumu, mwingine akasema si magurudumu, ni ile minyororo inayozunguka. Meno yakahamishwa kutoka mdomoni yakawekwa mbele, chini, kwenye koleo pana. Juu, mahali pa macho, wakaweka dirisha dogo na ndani yake mtu amevaa kofia ngumu, haangalii popote. Akawauliza kama apake manyoya ya kahawia, kama ya paka.

"Hapana," wakasema. "Njano."